Sijashiba, mdogo wangu, nimechoka

Mdogo wangu,

Katika ujumbe wako wa sauti uliniuliza kama huku Marekani bado tunawatetea wakimbizi, au tumekwisha kushiba na kuwasahau mliobaki kambini Nyarugusu, Tanzania. Niliusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa ndani ya basi nikirudi nyumbani kutoka zamu ya usiku ghalani, nikaona kwamba lile jibu langu la siku zote, "tupo, tunapambana", halikutoshi tena.

Mlilofanyiwa mnalijua. Tarehe 20 Januari 2025, rais aliyeapishwa siku hiyohiyo alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi, na watu waliokwisha kupimwa afya na kupewa tarehe ya ndege wakafutiwa safari. Siku chache baadaye Goma, mji wa kwetu mashariki mwa Kongo, ikaangukia mikononi mwa waasi wa M23, yaani mlango wa mbele ulifungwa wakati nyumba inaungua kwa nyuma. Katika mwaka wa fedha wa 2024 nchi hii ilipokea wakimbizi wapatao 100,000, na sisi Wakongo ndio tuliokuwa wengi kuliko taifa lingine lolote. Kwa mwaka wa fedha wa 2026 kiwango kiliwekwa 7,500 mwishoni mwa 2025, na sehemu kubwa ya nafasi hizo walitengewa Makaburu wa Afrika Kusini.

Huenda unadhani kinachonichosha ni mikutano na maandamano. Hayo yana watu, yana nyimbo, na mara nyingine yana sambusa. Kinachonichosha ni simu. Ikiwa kwenu ni saa tatu asubuhi, hapa Louisville, jimboni Kentucky, ni saa nane usiku au saa saba, kutegemea majira, na anayepiga ni mzazi aliyeuza magodoro, baiskeli na masufuria kwa kuamini kwamba Jumatano atapanda ndege, ambaye sasa anaamini kwamba mimi, kwa kuwa nimepata uraia, naweza kuingia ofisini nikaulizia kesi yake. Siwezi, na nikimwambia hivyo huwa ananyamaza kwa namna ambayo hubaki nayo hadi alfajiri. Wapo waliokwenda mahakamani Seattle, wakapata amri ya jaji ya kuzuia usimamishaji huo mwezi Februari 2025, lakini mwezi uliofuata mahakama ya rufani ikaipunguza makali. Sasa jambo hilo nalo ulieleze kwa simu, usiku, kwa mtu asiye na godoro.

Mwezi wa kumi niliwaambia kwamba simu yangu imeharibika. Haikuharibika. Niliizima, nikaiweka ndani ya mtungi wa unga, na kwa wiki tatu nilikwenda kazini, nikarudi, nikalala. Nilimdanganya hata mama, na hilo ndilo ninaloliona aibu. Kupumzika kwenyewe sikuonei aibu.

Tangu hapo tuko wanawake wanne, na simu za kambini tunazipokea kwa zamu, kila mmoja wiki yake. Asiye na zamu hupigia ofisi za maseneta wawili wa Kentucky na ya mbunge wetu, ambako karani huandika tu kwamba mpigaji anaunga mkono au anapinga, pamoja na eneo anakoishi. Ni kazi ya dakika mbili isiyo na utamu wowote, na kwa maoni yangu ina faida kuliko hotuba zangu za zamani, kwa sababu naweza kuifanya hata siku ambayo sina moyo. Jumapili sipokei simu ya mtu yeyote isipokuwa mama.

Kuhusu jirani yako, mwambie aandike tarehe aliyofutiwa safari na idadi ya watoto wake, kwa kuwa tunaziorodhesha familia hizo kwa ajili ya mawakili. Namba ya kesi asiitume kwa simu. Zamu yangu inaanza Jumatatu.