Mtunza Mbwa, Kabla Hujajenga Banda Jingine, Uza Majibu Yako

Anayeogesha na kulaza mbwa wa watu hapa Mbeya anaujua vizuri mpaka wa kazi yake. Juni na Julai baridi ikishika, wateja wa kuogesha wanapungua, na wana haki, kwani mtoto wa mbwa aliyelowa kwenye upepo wa Uyole ni rahisi kuugua. Desemba mambo yanageuka: watu wanasafiri makwao, mabanda yanajaa, wengine unalazimika kuwarudisha. Saa za siku haziongezeki, na banda jipya ni mbao, mabati na saruji. Nilipotafuta kitu cha kuuza kisichokula banda wala muda, nilikikuta kwenye simu yangu: majibu niliyokuwa nayatoa bure kila jioni.

Sasa nauza mafaili, sauti na fomu. Mtu analipa kwa simu, anapokea kwa WhatsApp. Naandika haya kwa ajili ya mwenzangu wa Iringa, Njombe, Songea au hapa hapa Mbeya anayetunza mbwa na paka na anajiuliza aanzie wapi.

Anzia kwenye maswali. Kompyuta iache kwanza. Pitia mazungumzo yako ya WhatsApp ya miezi michache iliyopita na uandike kwenye daftari kila swali uliloulizwa, hata lile unaloliona la kitoto. Yatajigawa yenyewe. Yapo ambayo jibu lake ni lile lile kwa kila mtu: mtoto wa mbwa achanjwe lini, ale nini, paka aliyehamia nyumba mpya akae ndani kwa muda gani kabla ya kuachiwa, nimwandae vipi mbwa kabla sijasafiri. Na yapo ambayo hayajibiki mpaka mnyama aonwe: anaharisha damu, hali tangu jana, tumbo limevimba. Ya kwanza ni bidhaa. Ya pili ni ya daktari wa mifugo, na hapo mimi silegezi kamba. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 inaiacha tiba ya wanyama mikononi mwa waliosajiliwa. Hata kama sheria isingekuwepo, kumuuzia mtu faili la kutibu mbwa anayeharisha ni kumchelewesha. Kama ni parvo, ugonjwa wa virusi unaoshambulia utumbo, mtoto wa mbwa anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu.

Bidhaa yangu inayotoka kuliko zote ni ratiba ya mtoto wa mbwa. Yaliyomo si siri. Dawa ya minyoo huanza wiki ya 2, hurudiwa kila baada ya wiki 2 mpaka wiki ya 8, kisha kila mwezi hadi miezi 6. Chanjo ya mchanganyiko yenye kinga ya parvo na ya distempa (ugonjwa mwingine hatari wa virusi) huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, hurudiwa kila wiki 3 au 4 mpaka atimize wiki 16. Ya kichaa cha mbwa hutolewa akifikisha miezi 3, kisha hurudiwa kwa tarehe atakayopanga daktari. Yote hayo yapo kwenye intaneti. Anachokilipia mteja ni kuondolewa hesabu na wasiwasi. Nimetengeneza jedwali kwenye Google Sheets. Naandika tarehe ya kuzaliwa, tarehe nyingine zote zinajitokeza. Naligeuza jedwali kuwa picha moja yenye jina la mbwa wake, mteja anaipeleka steshenari ikachapishwe, anaibandika ukutani.

Chini ya tarehe naweka sababu, na sehemu hiyo naipenda kuliko zote. Watu wengi huacha baada ya sindano ya kwanza wakidhani wamemaliza. Nawaeleza kwamba kinga aliyoipata mtoto kwenye maziwa ya mama yake inaweza kuizuia chanjo isifanye kazi, na hakuna anayejua kwa hakika kinga hiyo inaisha wiki gani kwa mbwa huyu au yule. Ndiyo maana tunarudia mpaka wiki ya 16. Mtu akishaelewa hivyo, anarudi kwa daktari bila kukumbushwa.

Utajiuliza kwa nini mtu alipe wakati maelezo ya Kiingereza yamejaa bure. Ni kwa sababu yale hayamjui. Yanamwambia anunue gunia la chakula ambalo dukani kwake halipo, au likiwepo bei yake inamshinda. Mteja wangu wa Mwanjelwa ana ugali wa dona, dagaa na utumbo, na anataka kujua achanganye vipi. Wa Tukuyu ananiuliza kuhusu parachichi zinazodondoka uani. Namwambia tatizo kubwa kwa mbwa ni kokwa, linaweza kumkaba au kuziba utumbo. Anayempeleka mbwa Kyela au Usangu anahitaji maelezo ya kupe kuliko anayeishi huku juu kwenye baridi, maana joto linawapa kupe nafasi ya kuzaliana haraka, na kupe ndio wanaoleta homa inayommaliza mbwa damu.

Ukurasa ninaomwomba kila mteja ausome ni wa mahindi. Mikoa yetu ndiyo ghala la mahindi la nchi, na karibu kila nyumba, mahindi yakiota ukungu, wa kwanza kufikiriwa ni mbwa na kuku. Ukungu ule unaweza kuwa na sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na haiondoki kwa kupikwa. Mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Mbwa anayelishwa uji wa mahindi hayo anaweza kukataa chakula, macho na fizi zikawa njano, na mwenye mbwa akadhani amerogwa au amelishwa sumu na jirani. Ukurasa huo mmoja umeokoa mbwa zaidi ya vyote nilivyowahi kuandika, nina imani nao kabisa.

Kuna jambo moja ambalo kwetu huku lina uzito wa pekee: anayenunua mara nyingi siye anayemlisha mbwa. Mwenye nyumba anakaa mtaa wa Forest au Block T hapa Mbeya, anatoka asubuhi, anarudi usiku. Anayekaa na mbwa ni mlinzi au dada wa kazi. Ukiandika PDF ya kurasa 30 ya kumfurahisha mwenye nyumba, itaishia kwenye simu yake, na mbwa ataendelea kula mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha kali. Kwa hiyo mimi kila bidhaa naitoa kwa sura mbili. Mwenye nyumba anapata kurasa chache zenye sababu, gharama na tarehe. Mlinzi anapata sauti fupi fupi, kila moja na jambo lake: kulisha, maji, kufunga na kufungua, kukagua kupe masikioni na katikati ya vidole, dalili za kupiga simu haraka. Namsalimia kwa heshima mwanzoni mwa sauti, namwita kaka au mzee, kwa sababu yeye ndiye mtunzaji hasa. Sauti haimalizi bando kama video. Anaweza kuisikiliza usiku akiwa lindoni na kuirudia. Video naiweka pale tu ambapo maneno hayatoshi, kwa mfano namna ya kumfungua mbwa mdomo ili ameze kidonge, na naipunguza ukubwa kabla ya kuituma.

Vipimo vya dawa usiviandike. Najua wateja watakuomba, watakubembeleza, watasema daktari yuko mbali. Chupa mbili za dawa ya kuogeshea zenye rangi moja zinaweza kuwa na nguvu tofauti, na kipimo hutegemea uzito wa mnyama ambao wewe hujaupima. Faili likishatoka mikononi mwako hulirudishi. Litazunguka kwenye makundi miaka na miaka likiwa na jina lako. Nilichokiandika mimi, kwa herufi kubwa, ni makatazo: dawa ya kupe ya mbwa yenye pamethrini usimpake paka, humuua. Paka asipewe parasetamoli hata kipande. Mbwa asilishwe chokoleti, zabibu, wala mabaki yenye vitunguu vingi. Kisha nampa daktari wa mifugo asome kila kitu kabla sijauza, namlipa kwa kazi hiyo, na kila ukurasa una tarehe ulipokaguliwa mara ya mwisho. Gharama hiyo usiikwepe. Ndiyo inayokupa ujasiri wa kumwangalia mteja usoni.

Na kichaa cha mbwa usikiuze. Nimeandika ukurasa mmoja, nautuma bure kwa yeyote, na kila Septemba, ikikaribia tarehe 28 ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, nauweka kwenye stetasi na kuwaomba wateja waupeleke kwenye makundi ya mitaa na ya wazazi wa shule. Unasema hivi: aliyeng'atwa aoshe jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, aende hospitali siku hiyo hiyo, asisubiri kuona kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa, na watoto ni miongoni mwa wanaong'atwa zaidi. Ujuzi wa namna hiyo ukiwekewa bei, kuna mzazi atakayeukosa.

Malipo hayana mengi. Chukua lipa namba, itume pamoja na ujumbe mfupi wa bidhaa, subiri muamala uingie, tuma faili. Ratiba nauza shilingi 3,000, chini kabisa ya bei ya kuogesha mbwa, kwa sababu nataka mtu asifikirie mara mbili.

Wengi huniuliza kuhusu kuibiwa. Ni kweli faili moja linaweza kufika Tunduma na Makambako bila wewe kupata senti. Kazi yako inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na akitokea mtu anayeiuza kwa jina lake, mfuate. Lakini kwa wanaotumiana kifamilia mimi siwasumbui. Jina la biashara na namba yangu vipo kila ukurasa, na wengi waliopata bure wamekuja baadaye kuleta mbwa. Ratiba yenye jina na tarehe za mbwa mmoja haimfai mwingine hata ikisambaa.

Jihadhari zaidi na picha. Usitumie picha ya mbwa wa mteja bila ruhusa yake, hata kama umempiga ukiwa unamwogesha. Picha ya mbwa wa ulinzi mbele ya geti inamwonyesha mwizi nyumba ni ipi, mbwa ni wangapi na wamefungwa wapi. Piga karibu, ukuta usionekane.

Bidhaa yenye faida nzuri zaidi sikuitegemea itoke kwa watunzaji wenzangu. Vijana wanaoanza kulaza wanyama walikuwa wakiniomba fomu zangu, nikazipanga vizuri na kuziuza pamoja kwa shilingi 20,000. Thamani ya fomu hizo iko kwenye vipengele ambavyo mtu hukumbuka vikishamgharimu: uthibitisho wa chanjo kabla ya kupokelewa, mbwa aliwahi kung'ata au la, nani aidhinishe matibabu mwenye mbwa akiwa hapatikani na kwa kiasi gani cha fedha, mnyama akifa tunafanyaje, na siku ngapi baada ya tarehe ya kuchukuliwa malipo yanaongezeka. Kama una fomu zinazofanya kazi, tayari una bidhaa. Ipitishe kwa mwanasheria, kisha iweke sokoni.

Ukianza, chukua swali moja tu, lile unaloulizwa kuliko yote. Liandike, lirekodi, wape wateja wachache unaowaamini bila malipo, halafu sikiliza simu. Mteja akikupigia kuuliza jambo ambalo limo ndani ya faili, ukurasa huo haujaeleweka. Uandike upya kabla ya kumuuzia mwingine.