Nyota zinazopwita: umbali na tungamo
Umeuliza tunapimaje nyota inayopwita, yaani inayotanuka na kusinyaa kwa zamu, ilhali hakuna wa kuifikia. Umbali ni rahisi kidogo. Mwaka 1912 mwanaastronomia Henrietta Leavitt alionyesha, kwa nyota 25 za Wingu Dogo la Magellan (galaksi ndogo jirani yetu), kwamba kadiri Sefeidi, aina mojawapo ya nyota zinazopwita, inavyochukua siku nyingi kung'aa na kufifia, ndivyo mwanga wake halisi ulivyo mkali. Basi unahesabu siku (Sefeidi iitwayo Delta Cephei huchukua 5.37), unapata ukali halisi, unaulinganisha na ule tunaouona hapa, umbali unajitokeza. Ila vumbi la angani hufifisha mwanga, lazima ulizingatie katika hesabu.

Tungamo, yaani kiasi cha maada iliyomo kwenye nyota, ndiyo kazi hasa. Nyota iliyo peke yake huwezi kuitia mizanini. Uipate yenye mwenzake, zinazungukana, tena kila moja inaiziba nyingine tukiitazama; mwendo wa kuzungukana ndio unaofichua tungamo. Bahati hiyo ilipatikana kwa Sefeidi iitwayo OGLE-LMC-CEP0227: mwaka 2010 tungamo lake lilipimwa, mara 4.14 ya lile la Jua, kwa kosa la asilimia 1 hivi! Kwa miongo mingi nadharia ya mageuzi ya nyota (jinsi nyota inavyobadilika maishani mwake) ilikuwa ikitoa tungamo la Sefeidi kubwa kuliko nadharia ya mpwito (jinsi inavyotanuka na kusinyaa). Kipimo kiliangukia upande wa mpwito.