Upepo Hauna Skeli: Ushauri kwa Anayetaka Kuunda Jahazi Dogo la Kwenda Majini

Kabla hujanunua hata msasa, amua kwanza: chombo chako kitakaa kabatini au kitaingia majini, ukikiendesha kwa rimoti? Wengi wanaoniuliza habari za kuunda majahazi madogo wanataka vyote viwili kwa mpigo, nami huwajibu kuwa hizo ni kazi mbili. Cha kabatini kinataka uaminifu wa kila kamba na kila msumari. Cha majini kinataka udanganye kidogo, na ujue pa kudanganya.

Hesabu ndiyo inayolazimisha. Chukua jahazi la mita 16, liunde kwa skeli ya 1:16, utapata chombo cha mita 1. Urefu umegawanywa kwa 16. Tanga lina urefu na upana, kwa hiyo eneo lake limegawanywa kwa 256. Uzito umegawanywa kwa 4,096, maana yake jahazi la tani 20 limebaki na kilo 5 hivi. Hadi hapo hakuna ubaya. Ngoja upepo uvume. Nguvu ya kulilaza jahazi ubavu inatokana na eneo la tanga na kimo chake, nayo imepungua mara 4,096. Nguvu ya kulisimamisha tena inatokana na uzito na upana wa chombo, nayo imepungua mara 65,536. Kwa upepo uleule, basi, jahazi lako ni rahisi kupinduka mara 16 kuliko lile ulilolipima. Ukitazama kwa upande wa kasi ni hivyohivyo: ili mambo yalingane, kasi ya upepo ilitakiwa igawanywe kwa kipeuo cha pili cha 16, yaani 4. Kaskazi ya noti 16, ambayo nahodha anaishukuru, kwa jahazi lako ni noti 64, na katika kipimo cha Beaufort hiyo ni namba 12, kiwango cha juu kabisa.

Ndiyo sababu namshauri kila anayeanza aunde ngalawa kwanza. Matengo yake, ile miti ya kukingama inayoshika mbao za kuelea kila upande, yanakuondolea nusu ya shida. Tafuta ngalawa iliyolala mchangani maji yakiwa yamekupwa, omba ruhusa kwa mwenyewe, uipime kwa futi: urefu, upana wa katikati, kina, mahali mlingoti unaposimama, umbali wa mbao za pembeni. Kwa 1:10 ngalawa ya mita 6 inakupa sentimita 60, saizi nzuri ya kubeba kwenye daladala. Kisha udanganyifu wa kwanza: ongeza urefu wa miti ya matengo kidogo kuliko skeli inavyosema, na chini ya kila ubao wa pembeni gundisha kipande cha lapa. Ngalawa ya kweli ina watu, na upepo ukizidi mmoja wao hutoka nje akaenda kukaa juu ya tengo. Yako haina mtu wa kutoka. Watoto wa ufukweni wanalijua hili bila kipeuo chochote. Tazama vidau vyao uone matengo yalivyo marefu, na vinavyokimbia.

Mti wa kuchongea usikusumbue. Ngalawa nyingi za Unguja huchongwa kwa mwembe, na mwembe unafaa hata kwa ndogo, ila ukipata msufi utafurahia wepesi wake. Msufi hunywa maji, kwa hiyo uupake epoksi ndani na nje, usiache hata tundu la msumari. Gundi nyeupe ya maseremala usiitumie kwenye chochote kitakacholowa. Vifaa ni tezo ndogo au kisu kizuri, patasi ya duara, na msasa mwingi kuliko unavyodhani. Unene wa kuta uupime kwa vidole, au ulielekeze tumbo kwenye jua: panapopitisha mwanga pametosha.

Jahazi ni daraja nyingine. Mafundi wa Nungwi huunda kwa jicho, hawana mchoro. Wewe chora, maana kwa chombo cha mita 1 kosa la milimita 5 linaonekana. Jahazi la Lamu na omo yake, yaani sehemu ya mbele, iliyosimama wima, na yale macho mawili ya duara, linapendeza sana, na ukifika Makumbusho ya Lamu utakuta mifano ya vyombo ya kukufundisha maumbile yake. Mtepe, chombo kile cha kushonwa kwa kamba za nazi kilichobeba tanga la mkeka, mimi ningeuacha kabatini. Atakayeuendesha kwa rimoti anialike.

Kwenye jahazi farumi, uzito wa chini wa kukituliza chombo, ndiyo kila kitu. Mawe ndani ya ngama, chini tumboni mwa chombo, hayatoshi, kwa sababu uzito unakuwa juu mno. Unda pezi la kuchomeka chini ya mkuku, ule uti wa chini wa chombo, lenye donge la risasi mwishoni, linalotoka ukirudi nyumbani ili jahazi likae kabatini na umbo lake halali. Wanaoshindana kwa mashua za daraja la International One Metre, zenye urefu wa mita 1 na uzito usiopungua gramu 4,000, hubeba gramu 2,200 hadi 2,500 kwenye pezi na risasi yake, zaidi ya nusu ya chombo kizima. Risasi unaipata kwenye chubwi za wavuvi. Zifunge pamoja kwa epoksi, usiziyeyushe jikoni: mvuke wa risasi ni sumu, na kuna watoto ndani ya nyumba. Na kama unasawazisha kwenye beseni la maji baridi, kumbuka maji ya bahari ni mazito kidogo. Chombo cha kilo 5 kitaelea juu zaidi, na kitadai kama gramu 120 za nyongeza ili kikae palepale.

Tanga lishone kwa kitambaa cha mwavuli mbovu. Ni chepesi, hakinywi maji, na hupatikana bure kila baada ya masika. Shona matatu, kubwa, la kati na dogo, kama wanavyofanya hao wa mita 1. Kupunguza tanga ndiyo dawa pekee ya zile noti 64.

Kubisha, yaani kwenda mshazari dhidi ya upepo, ndiko kutakakokuumiza kichwa. Kwenye chombo kikubwa mabaharia hugeuka kwa kufuata upepo, wakaipitisha foromali, mti unaobeba tanga, mbele ya mlingoti, na demani, kamba ya kuvutia tanga, ikahamia upande wa pili. Mashine haiwezi mchezo huo. Iache foromali upande mmoja siku zote. Ukienda joshi ya upande wa pili, yaani upepo ukikupiga ubavu wa pili, tanga litabanwa na mlingoti, litakuwa na sura mbaya, lakini chombo kitakwenda. Nimeona watu wakitengeneza mitambo ya kuizungusha foromali, na mitambo hiyo ikakwama katikati ya maji.

Sevo, zile mota ndogo zinazotii rimoti, mbili zinatosha, moja ya usukani na moja ya kuvuta demani. Mawimbi ya rimoti za gigahezi 2.4 hayapenyi maji ya chumvi, kwa hiyo waya wa antena uupandishe juu kabisa chini ya sitaha. Kipokezi na betri vikae ndani ya kontena la chakula lenye kifuniko cha kubana, matundu ya nyaya yakipakwa grisi. Betri nne za AA za kuchaji zinatosha. Za lithiamu sizipendi karibu na maji ya chumvi. Skrubu ziwe za shaba. Kila ukitoka baharini osha kwa maji baridi, fungua sitaha, anika kivulini.

Kuhusu mahali, chagua siku za maji mafu, mkondo ukiwa dhaifu. Wakati wa bamvua Unguja bahari hupanda na kushuka kama mita 4, na maji hayo yote yana pa kwenda, pamoja na jahazi lako. Upande wa Paje na Jambiani upepo wa kaskazi na wa kusi hutoka baharini, kwa hiyo betri ikikata chombo kinarudishwa kwako. Upande wa mjini asubuhi, umande ukivuma kutoka nchi kavu, ni kinyume chake. Chukua mshipi mrefu uliofungwa mpira wa tenisi: unaurusha mbele ya chombo, unavuta taratibu. Namba ya simu iandike kwa rangi ya mafuta chini ya sitaha. Wavuvi wakiokota hurudisha, ila watataka chai.