Kibaraza cha Mwalimu: Je, riwaya ni maisha ya mwandishi?

Shikamoo Mwalimu. Nimemaliza kusoma *Peponi* ya Abdulrazak Gurnah, ile iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis, na nimeipenda mno. Nataka kusoma vitabu vyake vingine. Mjomba wangu, ambaye hajasoma hata kimoja, ananiambia nisijisumbue: Gurnah aliondoka Zanzibar baada ya Mapinduzi, na kila anachoandika ni maisha yake yaleyale na kinyongo chake. Ni kweli? – Msomaji, Lindi

Marahaba mwanangu. Mjomba wako anayo nusu ya jambo. Hiyo nusu tumpe, kisha tumuombe akae asikilize iliyobaki.

Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948 na kukulia Malindi, mtaa ulio karibu na bandari. Mapinduzi ya Januari 1964 yalimkuta ana miaka 15. Familia yao ilikuwa na asili ya Uarabuni, na miaka iliyofuata ilikuwa ya hofu kwa watu wa namna hiyo. Alipofika umri wa miaka 18 aliondoka kwenda Uingereza kwa viza ya utalii. Hakuweza kurudi nyumbani hadi 1984, ambapo alimkuta baba yake bado yu hai, lakini siku zake zikiwa zimebaki chache. Kabla ya kuwa mhadhiri wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent, alifanya kazi ya uhudumu hospitalini.

Ukiyajua hayo, halafu ukasoma *Pilgrims Way* ya mwaka 1988, utakutana na Daud, kijana wa Kitanzania anayefanya kazi ya uhudumu katika hospitali ya Canterbury. Anadharauliwa, anatukanwa barabarani, na ana mambo ya nyumbani asiyotaka kuyakumbuka. Hapo mjomba atapiga meza. Apige tu. Kwangu mimi riwaya hiyo ina nguvu, ila uchungu wake bado uko karibu mno na mtu aliyeupata. Msomaji hapati nafasi ya kupita katikati yao.

Sasa mpelekee mjomba *By the Sea*, ya mwaka 2001. Humo anayetua uwanja wa Gatwick kuomba hifadhi ni Saleh Omar, mzee wa miaka 65, mfanyabiashara wa samani aliyekwisha kukaa gerezani miaka mingi. Anasafiri kwa jina la mtu mwingine na anajifanya hajui Kiingereza. Ofisa wa uhamiaji anapekua mzigo wake na kukuta kijaluba cha udi, udi wa kumari, kisha anakichukua. Mzee ananyamaza. Nimekifundisha kitabu hicho kwa vijana waliokuwa hawajawahi kuvuka mpaka wowote, na kila mara darasa lilikuwa linakasirika kwa ajili ya kile kijaluba kuliko kwa ajili ya ile miaka ya gerezani.

Jiulize: kwa nini mzee? Mwandishi mwenyewe alifika Uingereza akiwa kijana, na kijana ana wakati wa kuanza upya. Mzee wa miaka 65 hana. Gurnah ameichukua hofu aliyoijua yeye, akaiweka katika mwili usio wake, ili aone itakuwaje kwa mtu ambaye maisha yote yako nyuma yake. Na yeye mwenyewe yuko wapi humo? Yuko karibu zaidi na Latif Mahmud, aliyeondoka Zanzibar kijana na sasa anafundisha fasihi chuoni London. Huyo Latif hajapewa upendeleo wowote. Ana kinyongo cha miaka mingi juu ya Saleh Omar kwa sababu ya nyumba iliyopotea, na inambidi akae chini asikilize jinsi mambo yalivyokuwa kwa upande wa pili. Ikiwa mjomba anatafuta kinyongo, akitafute hapo, aone mwandishi anavyomlazimisha mtu anayefanana naye kukisikiliza kikijibiwa.

Hata ule udi una asili yake. Saleh Omar aliupata kwa Hussein, mfanyabiashara wa Bahrain aliyekuja na msimu. Mtoto wa Malindi wa miaka ya 1950 aliwaona watu wa aina hiyo kila mwaka: kaskazi ikivuma majahazi yanaingia kutoka Ghuba, mabaharia wanajaa mitaani, na kusi ikianza wanaondoka. Haya ndiyo maisha yanayompa mwandishi mengi kuliko matukio makubwa tunayoyasoma katika wasifu wake. Mapinduzi yaliwakuta watu wengi. Kukumbuka harufu ya mzigo wa Hussein miaka 40 baadaye, na kujua uzito wake ndani ya begi la mkimbizi, ni kazi ya mtu mmoja.

Kuhusu *Peponi*, Gurnah hakuishi zama za misafara na Wajerumani. Hata hivyo amewahi kueleza kwamba ile safari ya 1984 ndiyo iliyomwelekeza huko: alimwona baba yake, mzee aliyedhoofika, akivuka barabara kwenda msikitini, akawaza mzee huyu alikuwa mtoto Wazungu walipokuja kutawala, mtoto aliyaonaje? Soma upya pale Yusuf, wa miaka 12, anapopandishwa gari la moshi na mfanyabiashara Aziz bila kuambiwa kwamba baba yake amemweka rehani kwa deni. Utamwona mwana anayetafuta utoto wa baba yake.

Anza na *By the Sea*. Na umsomee mjomba ukurasa wa kijaluba kwa sauti.

Mwalimu, shikamoo. Kwenye mtihani wa majaribio tuliulizwa kama *Rosa Mistika* inatokana na maisha ya Kezilahabi. Nilijibu hapana, kwa sababu yeye ni mwanamume na Rosa ni msichana. Nimekosa alama. – Kidato cha Sita, Mwanza

Marahaba. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944. Familia ya Rosa inaishi wapi? Namagondo. Hakuficha hata jina la kijiji. Alisoma seminari, kwa hiyo aliujua vizuri ulimwengu ambamo vijana wanalindwa kwa marufuku na vitisho bila kuelezwa kitu. Zakaria, baba wa Rosa, anampiga binti yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na msichana huyo anakua akimwogopa mwanamume asiyemjua. Ndivyo anavyopotea baadaye. Kitabu kilipotoka 1971 kilizua kelele na kikazuiwa mashuleni kwa muda. Kwa hiyo kijiji ni chake, malezi anayajua, msiba amempa Rosa.

Usije ukaenda upande wa pili, lakini. Ukiulizwa *Kichwamaji*, riwaya yake nyingine, usiandike kwamba Kazimoto, mhusika mkuu, ndiye Kezilahabi kwa kuwa wote walisoma chuo kikuu. Kazimoto anajiua. Kezilahabi aliendelea kuandika, akachukua udaktari wa falsafa Marekani, akafundisha Botswana, na akafariki Dar es Salaam mwaka 2020.

Mwalimu, naandika riwaya yangu ya kwanza. Kuna mhusika niliyemchota kwa mama mkubwa, aliyenilea. Nilibadilisha jina lake tu. Dada yangu alisoma mswada akamsimulia, na sasa mama mkubwa hasemi nami. Nifute sura ile? – Binti wa Morogoro

Pole sana binti yangu. Usiifute bado. Jina si kinga, kwa sababu majirani humtambua mtu kwa tabia: anavyofunga kanga, anavyohesabu chenji mara mbili mbele ya muuzaji, methali anayoirudia. Keti na sura hiyo uandike pembeni ni nini hasa kilichokusukuma kumwandika. Nadhani si kanga yake. Labda ni ukali wa mtu aliyekulea bila kuwahi kukwambia anakupenda. Hicho ndicho chako, kibebe. Kisha mpe mhusika umri mwingine, mji mwingine na kazi nyingine, na umpe jambo moja ambalo mama mkubwa asingelifanya kamwe. Utaona ataanza kukujibu mambo ambayo hukuyapanga, na hapo ndipo utakapojua kwamba umepata mhusika.

Kama kuna siri yake uliyoiandika, aliyokwambia wewe peke yako, hiyo itoe, hata kama ndiyo kurasa nzuri kuliko zote.

Na nenda kwake wewe mwenyewe. Usimtume dada. Mpelekee mswada mpya kabla ya kuupeleka kwa mchapishaji, umsomee kama macho yake hayaoni vizuri, na akikwambia “hapa umekosea, mimi sikusema hivyo,” chukua kalamu uandike anachosema.