Usiitoe hiyo injini ya 3S, mkuu. Altezza ya kuweka haiguswi

Mleta uzi, simama kwanza. Umeandika umepata Toyota Altezza RS200 ya manyuali, mwenye nayo ni mmoja tangu ishuke bandarini, rangi ya kiwandani, injini iliyokuja nayo, unataka uilaze hapo Tanga miaka kumi na tano ije kuwa klasiki ya maana, halafu mstari unaofuata unasema "ila kabla ya kuilaza nitaifungia injini ya 1JZ na bodikiti, zile bampa na sketi za kubandika, ili thamani ipande". Umeuliza pia kama Suzuki Swift Sport ingekuwa chaguo zuri zaidi. Tutafika huko. Sasa hivi mpigie huyo fundi, mwambie asifungue hata nati moja.

Gari hiyo hiyo nilikuwa nayo. SXE10 (hiyo ndiyo alama ya chasisi ya RS200), silva, gia sita za mkono, injini ya 3S-GE ile ya mfuniko mweusi yenye VVT-i (mfumo wa kubadili muda wa vali kufunguka) pande zote mbili, nguvu za farasi 210 bila turbo kwenye lita mbili tu. Niliinunua kwa mzee mmoja wa Moshi aliyeiagiza mwenyewe, akanikabidhi na bahasha: shiti ya mnada (ile karatasi ya ukaguzi ya mnada wa Japani), cheti cha kusafirishia kutoka Japani, kitabu cha sevisi chenye mihuri, funguo zote mbili. Mzee alikuwa hajabadilisha hata redio. Aliniambia, "Kijana, hii usiichezee." Nikamwitikia shikamoo na ndiyo mzee, nikaondoka.

Miezi michache baadaye nikaanza kusikia maneno. Kwamba 3S haina spea, 3S inakula mafuta, Altezza bila 1JZ ni gari ya dada zetu, na huko Japani wenye akili wote walishabadilisha. Na kwa wale wanaojiandaa kuandika hapa chini "mbona hukuuliza wenye uzoefu", niliuliza, tena kwenye majukwaa kama haya haya, na mlioniambia fanya ni nyie nyie. Fundi niliyepelekwa alikuwa na maneno matamu kuliko wote. Alinikalisha kwenye kiti cha plastiki akanionyesha picha za Toyota Supra na Chaser kwenye simu, akaniambia 1JZ-GTE, ile yenye turbo, ni farasi 280, ukija kuiuza unaweka bei yako mwenyewe, watu watagombana getini. Nikatoa hela.

Sasa sikiliza kilichofanyika, maana ndicho kitakachofanyika kwako.

Injini haikuja GTE. Ilikuja GE, isiyo na turbo, imetoka kwenye Mark II Grande iliyogongwa, na nilikuja kujua ikiwa imeshaning'inia kwenye mnyororo. Nikaambiwa "tutaiwekea turbo baadaye". Gia boksi ya mkono inayokubali 1JZ ni ghali na haipatikani hovyo, kwa hiyo akafunga oto ya hiyo hiyo Mark II, zile gia zangu sita zikawekwa kwenye kona. Ili injini ndefu ya silinda sita ikae pale akachomelea maunti mpya (vishikio vya injini), akakata bati kidogo, akahamisha rejeta, akakata waya za kiwandani akaunga na tepu nyeusi, na taa ya injini akaizima kwa kuchomoa balbu yake ili nisiulize. Foleni ya Barabara ya Mandela, Dar, mchana inachemsha. Pua imekuwa nzito, kona haiingii kama zamani. Bodikiti ikapasuka kwenye tuta la kwanza. Rangi ya kiwandani ikaondoka kwa sababu bodikiti na bodi lazima zifanane.

Na hayo yote, wallahi, bado si ndiyo yaliyoniumiza. Kilichoniumiza ni kwamba siku nimerudi kuulizia injini yangu ya zamani na gia boksi, fundi akasema "si uliniachia?" Ameuza. Kauza na kompyuta ya gari, kauza na egzosi ya kiwandani, na ile bahasha ya mzee iliyokuwa kwenye dashibodi hakuna aliyeiona. Kwa hiyo nikabaki na kadi ya gari inayosema injini ya cc 1998 yenye namba fulani, na chini ya boneti pana injini ya cc 2491 yenye namba nyingine kabisa.

Akaja mnunuzi. Huyu ndiye niliyekuwa namsubiri, mtu anayekusanya magari ya Kijapani ya miaka ya tisini, alikuwa anatafuta RS200 ya manyuali na hela anayo. Akafungua mlango, akaona kile kishikio cha gia cha oto. Hata kukaa ndani hakukaa. Alifungua boneti kwa heshima tu, akaniuliza swali moja: "Ya kwake iko wapi?" Sikuwa na jibu. Akaniambia angeikuta ilivyokuwa kwa mzee angelipa juu ya bei niliyonunulia, na vile ilivyo sasa haitaki hata kwa nusu. Aliyekuja kuichukua mwishoni alinihesabia bei ya vipande.

Nilijaribu kuirudisha. Nimezunguka maduka ya spea Kariakoo na Ilala natafuta 3S ya mfuniko mweusi na gia sita. Ukipata injini, haina waya zake. Ukipata waya, gia boksi imekwenda. Na hata ukivikusanya vyote, namba ya injini siyo ile, na mnunuzi wa aina ile anaangalia namba.

Kanuni ninayokupa ni moja, na sitakupa nyingine: gari ya kuweka haiguswi. Injini yake, gia yake, rangi yake, karatasi zake. Ukiweza hata redio yake.

Sababu ni hii. Gari ya bei nafuu haiwi klasiki kwa kuwa ilikuwa chache. Inakuwa klasiki kwa sababu vijana walioitamani bila hela wamekua, wamepata hela, wanaitafuta ile waliyoiona wakiwa na miaka kumi na minane, na wanakuta zote zimekatwakatwa. Wewe hesabu mwenyewe Altezza unazopishana nazo mjini, ngapi bado ziko kama zilivyotoka kiwandani? Ilitoka Oktoba 1998, ikachukua tuzo ya Gari la Mwaka Japani ya 1998-1999, mhandisi wake mkuu Nobuaki Katayama ndiye yule aliyehusika pia na Corolla AE86, gari ina ukoo wake. Nyingi zilizokuja huku ni GXE10, yaani zenye injini ya 1G, oto. SXE10 za gia sita zilikuwa chache tangu mwanzo na hizo chache ndizo hizi mafundi wanazimaliza. Wewe unayo nzima halafu unataka kuiunganisha na kundi la zilizoharibika, kwa hela yako.

AE86 yenyewe iangalie. Ilikuwa Corolla ya kawaida ya 1983 hadi 1987, injini 1600, ya mwanafunzi na karani. Watu wakazipigisha drifti mpaka zikaisha, leo ambayo bado ina bati lake na injini yake ya 4A-GE, mwenye nayo ndiye anayetaja bei. Au Datsun 240Z, ile iliyoshinda Safari Rally 1971 na 1973, ya 1973 ikiwa mikononi mwa dereva Shekhar Mehta. Marekani ilikuwa inauzwa kama dola 3,500 ikiwa mpya. Januari 2020 moja ya mwaka 1971 ikauzwa mnadani kwa dola 310,000, na ilichokuwa nacho ni kwamba ilikuwa haijaguswa: rangi yake ya mwanzo, viti vyake, imetembea kidogo. Za turbo na viti vya mashindano zipo tele na mara nyingi hazisogelei bei hiyo.

Najua kuna mtu atakuja na ile Supra ya rangi ya chungwa. Ndiyo, ilipigwa mnada Las Vegas Juni 2021 kwa dola 550,000, ina stika ubavuni na spoila kubwa nyuma. Ile aliiendesha mwigizaji Paul Walker kwenye filamu ya The Fast and the Furious. Aliyeinunua alinunua filamu. Wewe bodikiti yako imeendeshwa na nani? Supra nyingine zenye hela ndefu ni zile ambazo wenyewe waliziacha kama zilivyo.

Sasa, kama bado hujalipa, fungua boneti uangalie kibao cha chasisi kwenye ukuta nyuma ya injini. Kiseme SXE10. Kikisema GXE10 basi hiyo ni AS200, ile ya injini ya 1G, iliyovalishwa beji ya RS200, na dalali atakwambia hizo ni herufi tu, usimsikilize, hizo herufi ndizo unazozinunua. Kibao hicho hicho kina namba ya rangi ya kiwandani, linganisha na rangi unayoiona, kisha toa zulia la buti uangalie pembeni kama rangi ni ile ile mpaka ndani. Namba ya injini iende sawa na kadi. Shiti ya mnada, kama ipo, isome daraja: R maana yake iligongwa ikarekebishwa. Na kilomita za kwenye shiti zilinganishe na za dashibodi, watu wanazirudisha nyuma bila aibu.

Swift Sport ile ya ZC31S ya gia za mkono ni gari nzuri na nadhani nayo itakuja kutafutwa, kwa sababu hiyo hiyo, gari ndogo nyepesi ya kuendesha mwenyewe na manyuali hazitengenezwi tena kwa wingi. Lakini na yenyewe ukiipata isiwe imeshushwa wala kukatwa egzosi, ukikuta imeguswa pita.

Ile hela uliyoitenga kwa 1JZ badilishia mikanda, mabomba ya maji, mafuta, bushi, vyote vya kampuni, na unachokitoa usimwachie fundi, tia kwenye boksi uandike na tarehe. Gari ikiwa gereji kaa hapo hapo mpaka wamalize. Na bahasha ya karatasi isilale ndani ya gari hata usiku mmoja, itoe leo uipeleke chumbani kwako. Halafu weka hapa picha ya kibao cha chasisi, namba za mwisho ziba kwa kidole, tukusomee.