Kisumu hadi JKIA ni kilomita 280 tu, lakini usimpangie mama kwa zile dakika 50

Ndugu yangu, umeuliza kama masaa mawili pale Nairobi yatamtosha mama kuunganisha ndege ya Doha, eti kwa sababu tiketi ya Kisumu imeandikwa dakika 50. Kama hizo tiketi mbili umezinunua mbali mbali, masaa mawili hayatoshi, mpe manne ama zaidi.

Hiyo njia naitumia sana kwa biashara na wazee wetu nimewasindikiza, kwa hivyo nakuambia kitu nakijua. Kisumu hadi JKIA, ule uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi, hewani ni kama kilomita 280, barabara ndio inafika 350 hivi juu inazunguka na Nakuru. Ukichora mstari wa moja kwa moja unapita karibu kabisa na Kericho, halafu unavuka Mau unaingia bonde la ufa. Ndege ikishatulia huko juu inaenda kama kilomita 600 kwa saa, so kwa hesabu ni nusu saa. Hizo dakika zingine ni kuzunguka chini kabla ya kuruka, kupanda, kushuka, na pale JKIA saa zingine mnapangwa foleni huko huko angani mpaka zamu yenu ifike. Mama akipewa maji anywe haraka, kabla chupa iishe mtasikia funga mikanda tunashuka.

Sasa shida iko chini. Na tiketi mbili tofauti lazima angoje begi lake pale kwa mkanda, atoke, aende terminali ya ndege za nje (si ile ameshukia), apange laini ya kaunta na uhamiaji, na kaunta inafungwa mapema kabla ndege iondoke. Mtu wa miaka yake hawezi kukimbizana hivyo. Mwitishie kiti cha magurudumu wakati wa kubuki, hata kama anatembea vizuri, juu anapata mtu wa kumpeleka mlango hadi mlango na hiyo huduma hailipishwi.

Kingine, angalia sana tiketi imeandikwa inatua wapi!! Kuna ndege za Kisumu zinatua Wilson, uwanja mwingine mdogo wa Nairobi, hewani ni karibu kidogo, kama 270, lakini kutoka hapo hadi JKIA ni teksi na jam ya Mombasa Road, na ikinyesha hiyo barabara inaweza kukumalizia saa nzima.

Ningekuwa wewe ningemtafutia ndege ya asubuhi. Alasiri mawingu ya ziwa yanajikusanya, mvua ya radi ikishuka Kisumu ndege inachelewa na hakuna wa kulaumu. Kutoka kwa mama huko Kakamega hadi uwanja wa Kisumu ni kama kilomita 50 na kitu, kwa hivyo mlete alale Kisumu usiku huo, asianze kuhangaika na matatu za alfajiri.

Kama bado hujalipa, uliza wakuuzie safari yote kwa tiketi moja. Hapo ile ya kwanza ikichelewa wao ndio wanamtafutia nyingine, na begi kwa kawaida analiona tena Doha ama huko mwisho anaenda. Inaweza kuwa ghali kiasi, lakini kwa mama ningelipa.