Sauti inazama kwenye biti? Anza na fada, kompresa baadaye

Pole ndugu, nimekuelewa: umerekodi chumbani, mistari mingine inapayuka, mingine inamezwa na biti, na kila ukikaza kompresa (kifaa kinachobana sauti kubwa zikaribiane na ndogo) pumzi zinasikika kuliko maneno.

Izime kwanza hiyo kompresa. Pitia wimbo mstari kwa mstari ukiwa na fada, kile kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti. Panapopayuka shusha desibeli 2 au 3, panapozama pandisha. Inachosha, lakini ndiyo iliyookoa rekodi zangu nyingi. Neno moja lililopigiwa kelele ukiliacha hivyo, kompresa italikandamiza na kuburuta chini hata neno linalofuata.

Sasa washa kompresa: uwiano 3:1 (kila desibeli 3 zinazovuka kizingiti hutoka 1), muda wa kushika, yaani wa kuanza kubana, milisekunde 10 hadi 20, wa kuachia kama 100. Teremsha kizingiti, yaani kiwango ambacho sauti ikikivuka kompresa huanza kubana, mpaka mita ionyeshe inapunguza desibeli 3 hadi 6, tena penye sauti kubwa tu. Ukilinganisha ikiwa imewashwa na imezimwa, sawazisha ukubwa wa sauti, maana chenye sauti kubwa hudanganya sikio.

Kama sauti ilikwaruza tangu kwenye maiki, rekodi upya, kilele kisizidi desibeli -10 hivi kwenye mita ya kurekodia. Masikio yakichoka pumzika, usiongeze sauti ya hedifoni. Yakivuma bila kuacha, muone daktari.